Uzi: Dawa za asili za nguvu za kiume zipimwe kwa haki, kwa maana "nimetumia, imenisaidia" si kipimo

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba yangu mdogo hospitali saa nane ya usiku akiwa hajitambui. Ana miaka 61, ana maradhi ya moyo, na kwa muda sasa amekuwa akiweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi kila kifua kinapombana. Jioni ile alikoroga kwenye uji kijiko kimoja cha unga wa kahawia alioununua kwa muuza dawa za asili, ambaye alimhakikishia kwa maneno haya: "Mzee wangu, hii ni mizizi mitupu, haina madhara yoyote." Saa moja na nusu baadaye kifua kilimbana, akaweka kidonge chake kama alivyozoea, na shinikizo la damu likaporomoka ghafla. Mama mdogo alimkuta amelala sakafuni bafuni. Daktari wa zamu aliuliza mara tatu kama mgonjwa ametumia dawa nyingine, na mara tatu mama mdogo alijibu hapana kwa kuwa hakujua lolote. Baba mdogo mwenyewe alipopata fahamu alinyamaza kwa aibu mpaka alfajiri, tulipobaki wawili, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kuna kitu nilikunywa."

Kazi yangu ni ya maabara ya dawa. Kile kifuko nilikichukua. Niliyeyusha unga kidogo, kiasi cha ncha ya kijiko, katika methanoli, nikauchuja, kisha nikadondosha tone dogo kwenye bamba la silika, pembeni ya tone la sildenafili halisi (dawa ya kiwandani ya kusimamisha uume, maarufu kama Viagra) ambayo nilijua asili yake. Bamba nililisimamisha ndani ya kiyeyusho mpaka majimaji yalipopanda karibu na ukingo wa juu, nikalikausha, nikalitazama chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Bamba zima huwaka rangi ya kijani, na palipo na kemikali ya aina hii huonekana doa jeusi. Doa la unga wa baba mdogo lilikuwa limekaa sawasawa na doa la sildenafili, kama watu wawili waliosimama kwenye ngazi moja. Bamba peke yake si ushahidi wa mwisho, kwa hiyo mwenzangu aliipitisha sampuli hiyohiyo katika mashine ya kutenganisha kemikali iliyo sahihi zaidi, nayo ikatoa jibu hilohilo. "Mizizi mitupu" ile ilikuwa imetiwa dawa ya duka la dawa, na dawa yenyewe ni ile ambayo mtu anayetumia nitrati amekatazwa kabisa, kwa sababu zote mbili hutanua mishipa na kwa pamoja zinaweza kuishusha presha hadi kuua.

Niliseme mapema ninalolisimamia, ili nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa miti shamba. Babu yangu mzaa mama alikuwa mganga huko Usambara, na nilikua nikimwona akianika magamba ya miti juu ya jamvi. Ninachodai ni kwamba dawa za asili za nguvu za kiume zipimwe kwa haki, kwa hatua mbili ambazo haziwezi kurukwa: kwanza ijulikane kwamba ndani ya kifuko mna mti unaotajwa na hamna kingine, na pili ijulikane kama mti huo unawasaidia wanaume kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa. Wengi wetu tunaziruka hatua zote mbili, kisha tunaleta hapa ushuhuda wa mkuyati, alkasusu na vumbi la Kongo, tukisema, "Nimetumia, imenisaidia."

Nawaomba mtazame kwa nini ushuhuda huo, hata unapotolewa kwa moyo safi, haujibu swali. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya sildenafili, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka huohuo. Katika mojawapo ya majaribio hayo wanaume 532 waligawanywa katika makundi, na baada ya wiki 24 asilimia 84 ya waliopewa miligramu 100 walisema uume wao unasimama vizuri zaidi kuliko awali. Hilo linajulikana na halishangazi. Lililo muhimu kwetu ni kundi la waliopewa kidonge kitupu, ambao hawakujua kwamba ni kitupu: asilimia 25 kati yao nao walisema wamepata nafuu. Ni mtu mmoja kati ya wanne. Maana yake ni kwamba muuzaji akisaga majani yoyote yasiyo na kazi, akawauzia wanaume mia moja wenye tatizo hili, si ajabu wanaume ishirini na tano wakarudi kumshukuru, na wote watakuwa wanasema kweli kama wanavyoiona. Tumaini, kutulia kwa moyo na kuondokewa na hofu ya kuaibika vina nguvu kubwa juu ya kiungo hiki kuliko viungo vingi vya mwili, na tatizo lenyewe huja na kupungua hata bila dawa.

Kuna alama nyingine ambayo ningependa kila mwanaume aijue. Uume husimama pale mishipa yake inapolegea na kujaa damu, na kazi ya sildenafili ni kuzuia kimeng'enya kinachomaliza ishara ya kulegea huko. Huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja na hudumu kwa saa chache, ilhali ndugu yake tadalafili hudumu hadi saa 36. Basi ukisikia unga wa mizizi unaofanya kazi baada ya dakika arobaini, kila mara, kwa kila mtu, na ambao nguvu yake inabaki mpaka kesho kutwa, hapo ndipo pa kuwa na shaka zaidi, ingawa ndipo wengi wanapoona sifa. Mti unaofanya kazi kwa saa ileile kama dawa ya kiwandani, mara nyingi umechanganywa na dawa ya kiwandani.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2016, mamlaka ya chakula na dawa iliorodhesha virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa zilizofichwa, na 353 kati yake vilikuwa vya kuongeza nguvu za kiume, ambapo sildenafili ndiyo iliyoonekana mara nyingi zaidi. Singapore mwaka 2008 mambo yalikuwa mabaya zaidi: katika miezi mitano ya kwanza watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sababu sukari ya damu ilikuwa imeshuka vibaya, saba walibaki katika hali ya kutojitambua kwa muda mrefu, na wanne walifariki. Chanzo kilikuwa dawa haramu, nyingi zikiwa za nguvu za kiume, zilizokuwa na kiasi kikubwa cha glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Waliokufa hawakujua kwamba wamemeza dawa ya kisukari.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Tanga

Ndugu mleta uzi, pole sana kwa yaliyomkuta mzee. Hata hivyo nina neno. Wazee wetu walitumia miti hii kwa vizazi vingi kabla ya hiyo methanoli yako kufika, na walizaa watoto kumi na kuendelea. Je, miaka mia ya matumizi si kupimwa? Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi naona maabara zetu zina haraka ya kuwahukumu waganga kuliko kuwasikiliza. Isitoshe, mganga akishapeleka mti wake huko kwenu, kesho atausikia umesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wazee wanaficha kwa sababu wameumizwa, hawafichi kwa ujinga.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tanga, nimelipokea neno lako kwa heshima, na sehemu yake kubwa ninaikubali.

Matumizi ya vizazi ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa aina fulani. Unatuonyesha tuchimbe wapi. Pia unatuambia kwamba mti hauui papo kwa papo, maana madhara ya ghafla wazee wangeyaona. Lakini madhara yanayokuja polepole kwenye ini au figo baada ya miezi sita mganga hawezi kuyaunganisha na gamba alilotoa msimu uliopita, kwa sababu mgonjwa harudi kwake, huenda hospitali. Tena, mgonjwa wa babu yangu na mgonjwa wa leo hawafanani. Babu alimtibu kijana aliyechoka kwa jembe au aliyeingiwa na hofu siku za mwanzo za ndoa. Leo kifuko kilekile kinanunuliwa na mtu mwenye kisukari cha miaka kumi, anayemeza vidonge vya presha asubuhi na vya moyo jioni. Dawa ya babu haikuwahi kukutana na vidonge hivyo. Na kuzaa watoto kumi, ndugu yangu, kunatuambia habari za uzazi. Kusimama kwa uume ni habari nyingine, ingawa mtaani tunaviita vyote "nguvu za kiume" na dawa moja inauzwa kwa yote, pamoja na kumwaga mapema, ambako nako kuna sababu zake.

Kuhusu kuibiwa, uko sahihi na wala sitalipunguza. Wasan wa kusini mwa Afrika walitafuna mmea wa hoodia kuzuia njaa wakiwa mawindoni kwa vizazi vingi; taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, ikauwekea hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, katikati ya miaka ya 1990 bila wao kushirikishwa, na ni mwaka 2003 tu, baada ya malalamiko makubwa, ndipo ulipotiwa saini mkataba wa kugawana mapato. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilikuja kuweka misingi ya jambo hilo kimataifa. Kwa hiyo mganga anapodai karatasi iliyosainiwa kabla ya kutaja jina la mti, anadai haki yake, na mtafiti anayechukia dai hilo asipewe hata jani.

Mchangiaji kutoka Kakamega

Naomba kuchangia kuhusu mkombero, kwa kuwa nimezaliwa karibu na msitu wa Kakamega na mizizi hii nimeitafuna tangu utotoni. Wauzaji huifunga vifungu vidogo na kuipitisha stendi na sokoni. Ina harufu tamu kama vanila, ukiitafuna mwanzoni ni chungu kidogo, kisha utamu unabaki kinywani. Akina mama pia huitafuna kwa ajili ya tumbo na hamu ya kula, kwa hiyo kwetu si dawa ya chumbani peke yake. Ninachotaka kujua ni kama kuna mtu aliyeupima kweli, au ni sifa tu. Na nina huzuni moja: kinachouzwa ni mzizi, na mzizi ukishang'olewa mmea umekwisha, hivyo siku hizi wachimbaji wanaingia ndani zaidi ya msitu kuutafuta.

Mleta uzi

Ahsante sana, ndugu wa Kakamega. Mkombero umepimwa, na hadithi yake ni fundisho zuri la kwa nini tusiishie njiani.

Jina lake la kitaalamu ni Mondia whitei, na Waganda huuita mulondo. Watafiti nchini Kamerun, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwapa panya dume dawa ya mizizi hii. Katika kazi moja waliona homoni ya testosteroni ikiongezeka. Katika kazi nyingine ya mmea uleule waliona utengenezaji wa mbegu ukipungua na uwezo wa kutungisha mimba ukishuka, hali iliyorejea kuwa ya kawaida baada ya dawa kusimamishwa. Mambo hayo mawili yanaweza kutokea kutegemea namna mzizi ulivyotolewa dawa, kwa maji au kwa kiyeyusho kingine, kwa kiasi gani na kwa siku ngapi. Kisha mwaka 2008 watafiti wa Afrika Kusini walichukua mbegu za wanaume, wakaziweka kwenye chombo pamoja na maji ya mzizi huu, wakaona zinakwenda mbio zaidi. Ukiyasoma matokeo ya mwisho peke yake utakimbilia kununua kifungu. Ukiyasoma yale ya kati peke yake utakitupa. Na hakuna hata mojawapo kati ya kazi hizo iliyomuuliza mwanaume mwenye tatizo kama amepata nafuu kitandani.

Hapa niseme kidogo kuhusu panya, kwa sababu nimeona watu wengi humu wakileta utafiti wa panya kama hati ya ushindi. Panya dume huwekwa kwenye kizimba na jike aliyeandaliwa kwa homoni ili awe tayari, kisha mtu hukaa na saa na daftari, mara nyingi katika mwanga hafifu, akihesabu ni mara ngapi dume amempanda jike na amechukua sekunde ngapi kuanza. Ni kazi ya subira na ina faida yake, hasa ya kujua kama dawa ina sumu. Lakini panya yule ni kijana na mzima wa afya. Mishipa yake haijaharibiwa na sukari, hana presha, havuti sigara, wala hana mke anayemsubiri akiwa na maswali. Dawa inayomfanya dume mzima ampande jike mara kumi na nne badala ya tisa haijatuambia lolote kuhusu mwanaume wa miaka hamsini ambaye uume hausimami.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha orodha ya mimea 33 inayotumika kwa tatizo hili magharibi mwa Uganda. Mimea 33 katika sehemu moja tu ya nchi moja! Utajiri huo ungestahili majaribio ya watu, na kila ninapoifikiria orodha ile ninaumia, kwa sababu ile iliyofika hatua ya kupimwa kwa wanaume duniani ni michache na karibu yote si ya kwetu.

Chukueni mfano wa mbigili, hii miiba inayotuchoma miguu na kutoboa matairi ya baiskeli. Nchini Brazili, mwaka 2014, wanaume 30 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa miligramu 800 za mbigili kwa siku, wengine kidonge kitupu, kwa siku 30: hapakuwa na tofauti. Bulgaria, ambako dawa ya mbigili imetengenezwa kwa miaka mingi, walichukua wanaume 180 wenye tatizo dogo na la kati, wakawapa kwa wiki 12, na mwaka 2017 wakachapisha kwamba waliopewa mbigili walipata nafuu kuliko wenzao. Nani mkweli? Huenda wote wawili, kwa kuwa muda haukuwa sawa, idadi ya watu haikuwa sawa, na dawa ya Bulgaria ilitengenezwa ikiwa na kiwango kinachojulikana cha kemikali zake. Ginsengi ya Korea nayo ilianza kwa sifa kubwa mwaka 2002 kwa jaribio la wanaume 45, lakini mwaka 2021 wataalamu walipokusanya majaribio tisa yenye wanaume 587 waliona kwamba faida yake kwa kusimama kwa uume ni ndogo mno.

Gamba la yohimbe, kutoka misitu ya Kamerun na Gaboni, ndilo mti wa Afrika uliofika mbali zaidi. Kemikali yake, yohimbini, ilifanyiwa majaribio kadhaa, na uchambuzi wa mwaka 1998 uliokusanya saba kati ya hayo uliona inashinda kidonge kitupu. Furaha yetu isizidi mipaka, maana hupandisha presha, huharakisha mapigo ya moyo na kuleta wasiwasi. Tena mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipopima bidhaa za chapa 49 walikuta nyingine hazina yohimbini hata kidogo na nyingine zina miligramu 12.1 kwa dozi moja. Sasa jiulizeni kijiko cha muuzaji wetu kina kiasi gani, ikiwa mti mmoja ulichimbwa kiangazi na mwingine masika, mmoja mchanga na mwingine mkongwe.

Mchangiaji mwenye kisukari

Nimesoma kwa makini na nimeamua kusema, kwa kuwa mficha uchi hazai. Nina kisukari kwa miaka minane na tatizo hili limenianza mwaka jana. Sikumwambia daktari wangu. Nimetumia alkasusu, nimekunywa supu ya pweza, nimetafuna mihogo mibichi na karanga mpaka nimechoka. Je, mtu kama mimi afanye nini wakati tunasubiri hayo majaribio?

Mleta uzi

Kaka, ahsante kwa ujasiri wako, na ninakujibu kama ambavyo ningemjibu ndugu yangu wa tumbo moja.

Hauko peke yako. Utafiti uliofanyika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta asilimia 55 ya wanaume waliohojiwa wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Daktari wako amelisikia mara nyingi. Pengine anasubiri ulitamke. Mtamkie. Tena usilichukue kama jambo la chumbani tu, kwa sababu mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo huziba au kukakamaa mapema, na kwa wanaume wengi tatizo la kusimama hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Mtu anayelifunika kwa unga wa kifuko anaifunika kengele ya moyo wake.

Ukienda, ataweza kukupa maswali matano yanayotumika duniani kote: una imani kiasi gani ya kusimama, unasimama kwa ugumu gani, unadumu baada ya kuingia, unadumu hadi mwisho, na unaridhika kiasi gani. Jumla huanzia 5 hadi 25, na 21 au chini yake huashiria tatizo. Pia ataangalia sukari yako, presha yako na orodha ya vidonge vyako, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha nazo huchangia na zinaweza kubadilishwa. Supu ya pweza na karanga ni chakula kizuri, ukivipenda endelea navyo. Alkasusu ningekuomba uiache mpaka ujue imetiwa nini, hasa kwa wewe mwenye kisukari, ukikumbuka ya Singapore.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Shikamooni wakubwa. Baba yangu ni mganga aliyesajiliwa, ana mzizi mmoja anaoutoa kwa wanaume na haweki kitu kingine, nimekuwa nikimsaidia kuutwanga tangu nikiwa shule ya msingi. Nimemsomea uzi huu akasema, "Mwanangu, waulize hao wenye maabara, mimi nikitaka dawa yangu ipimwe nianzie wapi?" Naomba mwongozo.

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu, na umfikishie baba shikamoo yangu. Swali lake ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kwa kuwa baba amesajiliwa kama mganga, kinachobaki ni dawa yenyewe. Aanze kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yake. Sampuli hupimwa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuona kama ina sumu, vijidudu au kemikali iliyoongezwa. Mwaka 2018 Baraza liliruhusu dawa tano za asili, mojawapo ikiwa ya nguvu za kiume, kwa hiyo njia ipo na watu wameipita. Lakini amueleze kila atakayemsikiliza kwamba anataka zaidi ya hapo, kwa sababu cheti cha usalama kinasema dawa haitamdhuru mtu, hakisemi kwamba itamsaidia. Kwa swali la pili aende Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, au kituo cha Mabibo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), akiwa na makubaliano ya maandishi kuhusu haki zake kabla ya kutaja jina la mti.

Jaribio lenyewe la watu lina mambo yake. Kibali cha maadili kitolewe, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iridhie. Wanaume wenye tatizo, ambao damu yao imepimwa ini, figo na sukari, wagawanywe kwa kura: kundi moja lipewe mzizi wa baba, jingine lipewe unga usio na dawa. Hapo kuna ugumu ambao watu wa vidonge vya kiwandani hawaujui, kwa sababu mzizi una ladha na harufu, na mgonjwa aliyekulia Morogoro akiutafuna atajua mara moja kwamba hiki ndicho au sicho. Kwa hiyo unga hujazwa ndani ya vikapsuli vinavyofanana, kundi la pili likipewa kitu chenye rangi na uzito uleule, na anayegawa naye asijue kipi ni kipi mpaka siku ya kufungua orodha. Iwe wiki nane au kumi na mbili. Wajibu maswali matano mwanzoni na mwishoni, na ikiwezekana wake zao nao waulizwe faraghani, kwani mara nyingi mke ana jibu lililo karibu zaidi na ukweli. Baba awemo kwenye jopo tangu siku ya kwanza kama mwenye ujuzi, aeleze nani asipewe na kwa nini. Waganga wazuri wana orodha hiyo kichwani, na haijaandikwa popote.

Na liko jambo analoweza kulifanya wiki hii bila kibali cha mtu. Siku atakapokwenda kuchimba, usichukue mzizi peke yake. Kata tawi lenye majani, na kama ni msimu wake, lenye maua au matunda. Litandaze katikati ya kurasa za gazeti, weka ubao na jiwe juu yake, badilisha gazeti kila siku mpaka tawi likauke. Andika kwenye karatasi tarehe, kijiji, mlima au bonde, aina ya udongo, jina ambalo baba analiita na jina wanalolitumia majirani, kwa kuwa majina ya miti hubadilika kwa mwendo wa siku moja na jina moja linaweza kubeba miti miwili tofauti kabisa. Mzizi wenyewe uanikeni kivulini, juani unapoteza harufu, kisha uutie katika mfuko wa karatasi wenye tarehe ileile. Tawi na mzizi viende maabara pamoja, na msiusage mzizi kabla haujafika, kwa sababu mzizi mzima naweza kuutambua kwa macho na kwa pua, lakini unga wa kahawia nimeshauona wa kutosha.